Chumvi ndiyo iliyokuwa inapalilia: kisa cha mpunga, mikoko na magugu kaskazini mwa Delta ya Rufiji

Panda boti Nyamisati wakati maji yanajaa, uache njia ya kwenda Mafia, uingie ndani ya delta na kuufuata mto kuelekea bara. Mwanzo utapita kati ya mikoko mirefu, mizizi imesimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Halafu ghafla ukuta wa miti unakatika. Panabaki visiki vyeusi vilivyoungua, katikati yake mpunga, na juu ya nguzo limesimama dungu la kuamia ndege na nguruwe pori. Songa mbele tena kidogo: hakuna mpunga wala mikoko. Ni matete, ndago na kangaga vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hapenyi bila panga. Hapo palikuwa shamba la mpunga, na kabla ya mpunga palikuwa msitu.

Picha hizo tatu zina wasimulizi wawili. Wa kwanza anasema mkulima ni mharibifu: alifyeka, akalima, akachoka, akahamia msitu mwingine. Wa pili anasema mkulima ni mwenyeji aliyeonewa, kazi yake ni ileile ya babu zake, na serikali ndiyo iliyomkuta. Wote wawili wana ukweli wao. Ila wote wawili wanamsahau mhusika mkuu wa kisa hiki, ambaye ni chumvi, au kwa usahihi zaidi, chumvi inapopungua.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini shamba lililofyekwa mikokoni huzaa vizuri miaka michache ya mwanzo, kisha magugu yakamshinda mwenyewe? Na kwa nini, mwenyewe akishaondoka, mikoko hairudi upesi mahali palipokuwa pake?

Mto uliohama

Rufiji si mto mdogo. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu vyote humwaga humo. Maji hayo yakifika pwani, mbele ya kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi. Hapo ndipo ulipo msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote wa delta katika pwani ya Afrika Mashariki: hekta zipatazo 53,000 kwa hesabu iliyotumika katika mpango wa usimamizi wa mikoko wa 1991, wakati mikoko yote ya Tanzania Bara ilihesabiwa kuwa hekta 115,500. Tangu Oktoba 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa ni ardhioevu ya Ramsar, yaani limeorodheshwa katika mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu.

Jambo ambalo takwimu hizo hazisemi ni kwamba mto hauigawi delta sawasawa. Mpaka miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji baridi ilipita mikono ya kusini. Mwishoni mwa muongo huo mafuriko yalifungua njia, na mkondo mkuu ukaegemea kaskazini. Kusini maji ya chumvi yakapanda na mashamba ya mpunga yakaharibika. Kaskazini, mikoko iliyozoea chumvi ikajikuta imesimama ndani ya maji ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka mtu anaweza kuyanywa. Watu wakafuata maji. Nani asingeyafuata?

Ndiyo maana neno "uvamizi", linalopendwa sana katika taarifa, halinikai vizuri. Mikoko yote ni hifadhi ya msitu chini ya serikali, jambo lililoanza tangu enzi za Wajerumani, na mpango wa 1991 uliigawa katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa, ya kurejeshwa, na ya maendeleo. Hakuna kanda iliyoandikwa "mahali mto ulikohamia". Mpaka wa hifadhi umekaa palepale kwenye karatasi, na mpaka wa maji baridi umekwenda zake. Mwaka 2012 ugomvi wa wakulima wa mpunga na mipango ya kulinda mikoko kwa ajili ya hewa ya ukaa ulifika hadi katika majarida ya kitaaluma ya nje, pande mbili zikijibizana vikali. Mengi waliyobishania yalikuwa ya haki na sheria, na yalistahili kubishaniwa. Lakini matete hayakuwa yanasubiri hukumu.

Bahari inayomwagilia maji baridi

Msomaji asiye wa pwani hudhani kwamba bahari ikipanda, shamba linaingiwa na maji ya chumvi. Si lazima. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo yanapoingia mlangoni hujipenyeza chini kama kabari, yakiusukuma mto nyuma na kuuinua juu. Mto uliozuiwa mbele hauna pa kwenda ila pembeni. Unavuka kingo, unaingia mashambani, na unachoingiza ni maji yake wenyewe, baridi, yamebeba tope jipya. Saa chache baadaye bahari inapwa na shamba linakauka bila mtu kuchimba mfereji.

Mkulima wa delta anatumia pampu kubwa kuliko zote nchini, na mafuta yake ni mwezi. Hana tuta wala lango la maji. Anachohitaji ni kujua mahali ambapo maji yanayovuka kingo ni ya mto, yasiwe ya bahari, na kuwa amepanda miche kabla ya bamvua la masika.

Mahali hapo nitapaita ukanda wa chumvi haba. Katika elimu ya mimea ni pale ambapo lita moja ya maji ina chumvi kati ya nusu gramu na gramu 5. Bahari yenyewe ina gramu 35. Nusu gramu ni karibu na pale ulimi wa kawaida unapoanza kuhisi kwamba maji "yana kitu". Yaani bibi anayeonja maji ya kisima kwa kidole na mtaalamu mwenye kifaa cha mamia ya dola wanaanzia mstari mmoja. Tofauti ni kwamba bibi hawezi kukwambia kama ni gramu 2 au 4, na kwa mpunga tofauti hiyo ni chakula au njaa. Udongo ukifika kipimo cha desisimensi 3 kwa mita, sawa na gramu 2 hivi kwa lita ya maji yaliyomo humo, mavuno huanza kushuka. Kila kipimo kimoja kinachoongezeka huondoa takriban asilimia 12, na ukifika 7 umepoteza nusu. Tena mpunga hauumii sawa umri wote. Mbegu huota bila wasiwasi. Mche mchanga huungua. Shina lililokomaa huvumilia. Kisha wakati wa kutoa maua unakuwa mnyonge tena.

Nani anakaa wapi

Mimea ya ukanda huu inasomeka kama daftari, ukishajua herufi zake. Nitaanza baharini nipande nayo.

Mlangoni kabisa, pale mawimbi yanapopiga, anasimama mlilana (Sonneratia alba), mti wa maji mengi na tope laini, mizizi yake ya kupumua imechomoza kama vigingi. Huo ukiuona, acha habari za mpunga. Nyuma yake, kingoni mwa vijito, ni mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), ambao wengine huuita mkaka, wenye magoti ya mizizi. Ndio uliojenga nyumba za Waswahili na za Waarabu wa Ghuba. Karne nyingi nguzo zake zilipakiwa majahazini kwa vipimo vyenye majina: fito, pau, mazio, boriti. Upana wa vyumba vya kale vya Lamu na vya Oman ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo unaweza kusema chumba cha Muscat kilipimwa Rufiji. Nimetoka nje ya mada kidogo, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba msitu huu haujawahi kuwa wa kutazamwa tu.

Ndani zaidi ni mkandaa (Ceriops tagal) na msinzi (Bruguiera gymnorrhiza). Mchu (Avicennia marina) haueleweki kwa urahisi: utaukuta karibu na bahari, na utaukuta tena nyuma kabisa, penye chumvi kali na penye chumvi haba. Lamba jani lake asubuhi utaelewa: hutoa chumvi kupitia jani lenyewe, wakati mkoko huizuia mlangoni, kwenye mizizi. Kwa sababu hiyo mchu haukwambii mengi. Shahidi anayekubaliana na kila upande hafai mahakamani.

Mashahidi wazuri ni wawili: mkomafi (Xylocarpus granatum), wenye tunda kubwa mviringo, na hasa msikundazi (Heritiera littoralis), wenye mizizi bapa iliyosimama kama mbao, majani ya kijani juu na rangi ya fedha chini. Hiyo ni mikoko ya mwisho kuelekea bara, inayopenda maji yaliyochanganyika na mto na ardhi iliyoinuka kidogo. Delta ya Rufiji imesifika kwa msikundazi. Sasa fikiria mtu anatafuta pa kulima mpunga. Anatafuta nini? Ardhi iliyoinuka kidogo, yenye tope la mto, ambako maji ya bamvua ni baridi wakati wa masika. Yaani anatafuta msikundazi. Mti na mazao vinataka kiwanja kimoja, na huo ndio mzizi wa kisa chote.

Baada ya msikundazi mikoko inakwisha na wenyeji wa maji baridi wanaanza. Kangaga (Acrostichum aureum) ni jimbi kubwa lenye makuti ya ngozi, refu kuliko mtu, linalovumilia chumvi kuliko ndugu zake wengi na linalopenda mahali msitu ulipofunguliwa jua likaingia. Mtomondo (Barringtonia racemosa) huning'iniza mikufu ya maua juu ya maji na kuyamwaga alfajiri. Kisha ndago na jamaa zake wa majimaji, kisha matete (Phragmites mauritianus), kisha mikindu kwenye tuta za mchanga, ile inayotoa ukindu wa mikeka.

Mpangilio huu haujanyooka kama nilivyouandika. Kijito kimoja kilichoziba kwa mchanga kinaweza kuweka kangaga mbele ya mkoko, na mkondo mpya ukapitisha chumvi nyuma ya matete. Kwa hiyo usisome mmea mmoja. Soma nani yuko na nani: msikundazi wenye kangaga chini yake ni sentensi tofauti na msikundazi wenye mkandaa chini yake.

Mgeni wa miezi mitano

Hapa ndipo mahesabu mengi hukosea. Tunapouliza "chumvi ya hapa ni kiasi gani?" tunapewa wastani wa mwaka. Lakini hakuna mmea unaoishi ndani ya wastani. Rufiji hufurika masika, kilele kikiwa karibu na Aprili, na hupungua kabisa Oktoba na Novemba. Eneo moja linaweza kuwa na maji ya kunywa Aprili na maji yanayochoma ulimi Oktoba.

Mpunga hupandwa mvua zikishaanza na huvunwa katikati ya mwaka. Ni mgeni wa miezi mitano au sita. Anakuja maji yakiwa baridi, anaondoka kabla chumvi haijarudi. Msikundazi ni mwenye nyumba, lazima auvumilie Oktoba kila mwaka. Mimea hii miwili inashiriki udongo mmoja lakini haishiriki maji yaleyale. Ndiyo maana shamba linaweza kutoa mpunga mzuri mahali ambapo ramani ya wastani inasema chumvi imezidi, na ndiyo maana mtaalamu aliyekuja na kifaa chake mwezi wa Oktoba humwona mkulima kama mwendawazimu.

Sasa tuingie kwenye magugu. Mkulima anapofyeka, hukata miti midogo na kuichuna magome ile mikubwa ife imesimama, kisha huchoma. Mwaka wa kwanza na wa pili hapalilii sana. Watu husema ni rutuba ya majivu, na majivu yana sehemu yake. Lakini rutuba hulisha kila kinachoota, gugu na mpunga pia. Kwa nini basi magugu hayapo?

Hayapo kwa sababu mbili. Udongo uliokaa chini ya mikoko hauna akiba ya mbegu za magugu ya shamba. Na kila mwaka, Oktoba ikifika, chumvi inaingia na kuua mizizi ya kila ndago iliyothubutu kuota. Mkulima anarudi na mvua, anakuta shamba safi. Anadhani shamba limepumzika. Kumbe limepaliliwa.

Hali hiyo haidumu. Miti imeondoka, kivuli kimeondoka, mizizi iliyokuwa imeshika tope inaoza. Masika baada ya masika maji baridi yanaosha udongo wa juu, na mbegu zinaletwa na mto, ndege na miguu ya watu. Wanaotangulia ni wale wavumilivu wa chumvi kidogo, ndago na nyasi zenye vikonyo chini ya ardhi. Wakishashika, vikonyo vyao hukaa chini kabisa, vikasubiri Oktoba ipite kama watu wanavyosubiri mvua ipite wakiwa barazani. Kangaga anafuata kwenye visiki, matete kingoni. Kila msimu jembe linachukua siku nyingi zaidi. Kaa nao wanakata miche usiku, na wapandaji wengine hulazimika kurudia kupanda mara mbili. Baadhi ya wakulima wamegeukia dawa za magugu, jambo la kutisha katika mahali ambapo kila kinachomwagwa shambani asubuhi kinakuwa mtoni jioni, na kamba wachanga wako humohumo. Inafika siku mkulima anapiga hesabu: nguvu za kupalilia hekta hii zinatosha kufyeka hekta nyingine ya msikundazi. Anahama. Hakuna uvivu hapo wala ujinga; ni hesabu ya jembe.

Kwa nini mikoko hairudi

Kuna dhana kwamba mikoko inahitaji chumvi, kwa hiyo maji yakiwa baridi inakufa. Si kweli. Katika mto San Pedro Mártir, kusini mashariki mwa Meksiko, iko mikoko ya aina ya Rhizophora mangle iliyosimama kilomita zaidi ya 170 kutoka baharini, ndani ya maji baridi kabisa. Watafiti walieleza mwaka 2021 kwamba ni mabaki ya wakati ambapo bahari ilikuwa juu, miaka zaidi ya 100,000 iliyopita. Haikufa. Imekaa tu.

Kinachozuia mikoko kwenye maji baridi ni majirani. Hili lilipimwa vizuri sana mbali na kwetu, katika vinamasi vya nyasi vya New England, Marekani. Mwaka 2004 Caitlin Crain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown walitangaza matokeo ya kuhamisha mimea: ya chumvini wakaipanda penye maji baridi, ya maji baridi wakaipanda chumvini, mingine ikiachwa na majirani na mingine majirani wakifyekwa. Mimea ya maji baridi ilipopelekwa chumvini ilikufa, iwe na majirani au isiwe nao. Ile ya chumvini ilipopelekwa maji baridi pasipo majirani ilinawiri kuliko hata kwao. Majirani walipoachwa, ilisongwa. Kwa lugha ya mtaani: mimea ya chumvini haikai huko kwa kupenda, imekimbilia.

Ukileta fundisho hilo Rufiji, shamba lililoachwa linaeleweka. Mche wa mkoko au wa mchu ungeweza kabisa kuishi humo. Maji si adui. Adui ni matete yanayopanda mita mbili kwa msimu na kangaga anayefunika ardhi kama mwavuli. Mche wa mti unakua taratibu, na kabla haujatoa kichwa umeshafunikwa.

Ndiyo maana upandaji wa kawaida hauendi vizuri katika eneo la namna hii. Dunia nzima watu hupenda kupanda jamii ya Rhizophora kwa sababu ni rahisi: mche wake unaanguka mtini ukiwa umekwisha kuota, mrefu kama fimbo, unauchomeka kwenye tope, unapiga picha, unarudi nyumbani. Lakini kuupanda ndani ya shamba la matete ni kuupanda mahali ambapo jamaa zake hawakuwepo hata kabla ya mpunga. Mahali pa msikundazi panataka msikundazi, panataka mkomafi, na panataka mtu atakayerudi kufyeka kuzunguka mche kwa misimu kadhaa mpaka utoe kivuli chake mwenyewe. Kazi hiyo ya kurudi haina picha nzuri.

Nami nakiri kwamba nilipoanza kufikiria jambo hili nilitaka suluhisho la tuta: zuia maji ya Oktoba, linda shamba, mkulima asihame tena. Historia ya Afrika Magharibi ilinirudisha nyuma. Tope la mikokoni limejaa salfa iliyotokana na maji ya bahari. Ikiwa chini ya maji imelala, ndiyo hiyo yenye harufu ya yai bovu. Ukiweka tuta na kukausha, hewa inaingia, salfa inageuka asidi, na udongo unashuka chini ya pH 4, yaani unakuwa mchachu mno. Kule Casamance, Senegal, ukame wa miaka ya 1970 na 1980 ulikausha mabonde ya mpunga wa mikokoni, na mashamba makubwa yakaharibika kwa asidi na chumvi kwa pamoja. Shamba la Rufiji lisilo na tuta linaloshwa na kuloweshwa kila bamvua, na kwa hilo limejikinga. Kinachoonekana kuwa kilimo cha kimaskini kimekwepa kosa ambalo tuta langu lingelifanya.

Oktoba ya bwawa

Tangu Desemba 2022 mto huu una kufuli. Bwawa la Julius Nyerere, lenye ukuta wa mita 131 na mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa mwezi huo na mtambo wa kwanza ukatoa umeme Februari 2024. Machi na Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na watu wakabishana sana kama bwawa liliyaongeza au liliyapunguza. Mimi hapa sifuatilii Aprili. Nafuatilia Oktoba.

Mitambo ya umeme hupenda maji yaliyo sawa mwaka mzima. Kwa kawaida ya mabwawa ya aina hii, kilele cha masika hukatwa na maji ya kiangazi huongezwa. Mtu wa kawaida atasema ni heri: mafuriko kidogo, maji ya kutosha kiangazi. Kwa mpunga wa msimu mmoja huenda ni heri kweli. Lakini mto ukiwa na nguvu Oktoba, kabari ya chumvi haitapanda kama zamani, na yule aliyekuwa akipalilia bure atakuwa ameondolewa kazini. Ninatarajia ndago na matete kushuka kuelekea baharini, mashamba kuchoka mapema zaidi, na msikundazi kupata majirani wasiokuwepo. Upande wa pili, tope linalobaki nyuma ya ukuta ni tope ambalo halitafika mashambani, na ardhi ya delta isiyopokea tope hushuka taratibu yenyewe. Kushuka huko kunakaribisha bahari. Nguvu moja inasukuma chumvi nje, nyingine inaivuta ndani, na kasi zao hazilingani: ya maji huonekana katika miaka miwili mitatu, ya tope huchukua muda mrefu.

Kinachohitajika kujua nani anashinda si kikubwa. Ni vigingi kadhaa kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa mikoko, kifaa cha kupima chumvi, na mtu wa kijijini anayepima wakati wa bamvua la Oktoba na tena la Aprili, na pembeni ya namba anaandika mimea mitatu iliyo karibu na kigingi. Miaka mitano ya daftari hilo ingesema mengi kuliko picha za setilaiti, ambazo ukizitazama kwa macho tu huonyesha kijani. Mpunga, matete na msikundazi mchanga vyote ni kijani.

Wakati huohuo kuna kitu kinaendelea chenyewe. Tunda la msikundazi ni gumu, jepesi, lina mkuku mgongoni kama wa chombo. Likianguka linaelea, linakwenda na maji ya kujaa, linapandishwa hadi pale bamvua linapoishia, na mara nyingi pale ni katikati ya matete ya shamba lililoachwa. Ukipita huko maji yakipwa, utayaona yamekwama kwenye mashina, mengine yamekwisha kutoa mzizi. Mtu mwenye panga, akifyeka duara la hatua mbili kuzunguka kila moja na kurudi masika yanayofuata kufyeka tena, hatahitaji kitalu.